Ukurasa wa Tisa

Usiku wa tatu nimekwama kwenye ukurasa wa tisa.
Nje ni nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Daftari la Yefim Gavrilovich linanuka mafuta ya ngozi,
tumbaku, na jasho la farasi waliokufa kabla sijazaliwa.

Mnunuzi yuko Yorkshire: Bibi Thackray.
Amemlipia Metelitsa, farasi jike wa kijivu, miaka minne,
akaandika kwa adabu: farasi amefika salama,
ila nikimsemesha ananitazama kama mgeni wa posta.
Naomba maneno yake nayo yamfuate.

Haya. Maneno yake.

Povod ni hatamu.
Lakini kwetu povod ni sababu pia,
ugwe ule ule wa kumshikia farasi
na wa mtu kuanzishia ugomvi.
Yefim ameandika: Akigoma usimvute. Mpe povod.
Mpe hatamu? Mpe sababu?
Nikampigia simu saa nne usiku. Akacheka, akakohoa.
"Vyote viwili, Taisiya. Ukimpa kimoja hujampa kitu."
Kiingereza kina maneno mawili kwa hayo,
na kati ya mawili hayo pana uwazi
anaopita farasi mzima na mpanda wake.

Ris ni mwendo wa matiti, miguu ikienda mshazari,
na ni paka wa msituni mwenye vishungi masikioni.
Utotoni niliamini kila farasi aendaye matiti
amemmeza paka huyo akiwa hai,
ndiyo maana mgongo wake hautulii.
Hilo sikulitia kwenye tafsiri.
(Nililitia. Nikalifuta.)

Sbor, farasi kujikusanya chini ya mpanda:
kwetu hukusanywa hivyo hivyo uyoga, kodi, wanakijiji.
Hili Waingereza wanalo, sawa kwa sawa;
nikalivusha mpakani bila ushuru.

Ohlyupkoi, kupanda pasipo tandiko,
neno linalochubwika kama kiatu kwenye tope la Aprili.
Wao husema mgongo mtupu.
Mgongo mtupu! Kana kwamba farasi ameibiwa.

Kisha huu ukurasa wa tisa. Zayezdka.
Kumzoesha mwanafarasi kupandwa,
siku arobaini kwa hesabu ya Yefim;
siku ya kwanza unasimama tu karibu naye
ukila mkate wako, na humtazami.
Kamusi zangu tatu, zisizopatana hata juu ya shayiri,
hapa zimepatana:
Waingereza hutumia neno lile la kikombe kikianguka,
la mfupa, la ahadi.
Kuvunja.

Asubuhi nikaenda bandani.
Yefim alikuwa akichokoa barafu kwenye kwato kwa mpini wa kijiko.
Nikamwambia. Nilidhani atafoka.
Akaushusha ule mguu taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto,
akavua glavu ya kushoto:
vidole vitatu. Viwili alivibakiza kwa bibi yake Metelitsa.
Mtulinga mara mbili. Na goti
linalotabiri theluji kuliko redio.
"Kuvunja," akasema, akilionja.
"Neno ni sahihi. Waeleze tu wasikosee ni nani."

Nimeliandika. Nimetia tanbihi chini yake,
ndefu kuliko ukurasa wenyewe,
nikaikata nusu, nikairudisha.

Limebaki tpru, ambalo si neno, ni midomo tu.
Bibi Thackray, hili halitafsiriki, lakini unalo tayari:
pumua nje kama mtu aliyetoka baridini
akakuta jiko limewashwa.
Atasimama.
Akigeuza sikio moja upande wa mashariki,
mwache alimalize.
Usimvute. Mpe povod.
(Hapo nimeliacha lilivyo. Utalijua mkononi.)

Chai imepoa.
Ukurasa wa kumi unahusu kwato.